Kompyuta Iliyouzwa Pamoja na Ndizi

Mwinjilisti Philemoni alisimama mbele ya kanisa wakati wa matangazo, Jumapili, watu wamejaa hadi mlangoni, akasema kwamba mimi Anjela nimeiua kompyuta ya kanisa kwa kuipangusa na kitambaa kilicholowa maji. Hakuwa ameniuliza. Hakuwa ameniita pembeni kabla ya ibada. Aliliweka jambo langu katikati ya tangazo la ndoa na tangazo la ng'ombe aliyepotea, akanitoa kwenye kazi ya usafi papo hapo, nami nimekaa benchi la kwaya na joho langu, sina pa kuuficha uso. Huo ndio ubaya niliofanyiwa. Nimeuandika kwanza ili anayesoma asije akacheka huko mbele akausahau.

Maana kucheka atacheka. Hata mimi nilicheka.

Nilizaliwa upande wa Momela. Kaka zangu walipelekwa shule, mimi nikapewa mbuzi. Nilipoolewa nilikuja Kikatiti, na mume wangu alifariki mtoto wetu Bariki akiwa bado mgongoni. Biashara ziliporuhusiwa na wageni wakaanza kufungua mashamba ya maua Usa River, nilikwenda kukata waridi kama wanawake wengi wa kwetu, hadi vidole vyangu vikawa haviwezi kushika sindano. Nikaacha waridi nikashika ndizi. Nilikuwa nikinunua mikungu huku kwetu na kuipeleka mjini Arusha, kwa wateja wangu wa Ngarenaro. Herufi nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la kisomo lililokuwa likifanyika kanisani jioni. Biblia naisoma polepole. Jina langu nalitambua hata likiandikwa na mtu mwenye haraka.

Kila Jumamosi nilifagia kanisa na ofisi ya mwinjilisti. Ilikuwa kazi ndogo, lakini niliipenda. Ukishafagia kanisa tupu, ukakaa benchi la nyuma ukaangalia sakafu inavyong'aa, unajisikia kama umepika chakula cha watu mia na wote wameshiba.

Ile kompyuta tuliletewa na marafiki wa usharika wetu kutoka Ujerumani. Ilikuwa laptopu, zile zinazofunguka kama Biblia. Ilikuwa kuukuu hata siku ilipofika, lakini tuliipokea kwa vigelegele, na akina mama tukaifumia kitambaa cha kuifunika, cheupe chenye pindo la samawati. Aliyeigusa ni Philemoni peke yake. Alikuwa akiandikia ratiba za ibada na majina ya watoto wa ubatizo, kwa kidole kimoja, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo.

Baada ya kama mwaka tukaambiwa wale Wajerumani wanakuja kututembelea. Jumamosi ya kuamkia ujio wao nilisugua ofisi mpaka kuta zikashangaa. Kompyuta niliinyanyua kwa mikono miwili, na kitambaa chake, nikaiweka kitini. Nikapangusa meza kwa maji na sabuni, nikaikausha kwa kanga yangu, nikairudisha. Nikaondoka. Jioni Philemoni alibaki ofisini akijiandaa.

Asubuhi yake, wageni wakiwa njiani, aliifungua ikakataa kuamka. Uso mweusi, na mstari mmoja wa maandishi meupe. Akapapasa meza, akakuta unyevu kidogo kwenye ufa wa mbao. Basi. Kwake kesi ilikuwa imekwisha. Saa ya matangazo ilipofika aliitangaza hukumu.

Kuanzia siku hiyo nikaitwa Mama Maji. Nikifika bombani, mwanamke mmoja alikuwa na kawaida ya kuikumbatia redio yake kifuani.

"Mama Bariki, pita mbali. Betri zangu ni mpya!"

"Nitakuogesha wewe na redio yako," nilikuwa namjibu, na wote wanacheka, nami nacheka nao. Lakini nikifika nyumbani nilikuwa nikiiangalia kanga ile niliyokaushia meza na kujiuliza: je, niliikausha kweli? Je, tone moja halikuruka? Kompyuta sikuijua. Huenda inakufa kwa tone moja, kama taa ya karabai inayopasuka kioo ikiguswa na manyunyu. Hilo ndilo lililoninyima raha kuliko jina la Mama Maji. Nilitaka kujua. Na wengine nao wajue.

Sasa, kwetu mtu asiye na fedha ya sadaka hutoa alicho nacho: mayai, mkungu wa ndizi, kuku, maboga. Ibada ikiisha watu hutoka nje, na vitu vile vinanadiwa pale uwanjani. Mnadi wetu alikuwa Mzee Mika, mzee wa kanisa mwenye sauti ya kuita ng'ombe wa ng'ambo ya korongo. Jumapili moja, mayai yalipokwisha, akainua kitu nilichokitambua kwa kitambaa chake.

"Haya, ndugu zangu! Wazee wameamua hii nayo iuzwe, inatukalia meza bure. Hii ni kompyuta. Imetoka Ulaya. Kuwaka haiwaki. Lakini inafunguka, inafunga, mmeona? Inafunguka, inafunga. Haili, hainywi..."

"Ilikunywa!" akadakia mtu kutoka nyuma.

Uwanja mzima ukaangua kicheko na shingo zote zikageuka kwangu. Mwenye bucha, Lesian, akataja bei ya kwanza.

"Ya nini wewe?" Mzee Mika akamuuliza.

"Ya kuweka kaunta. Mteja akiona kompyuta habishani na mizani."

Nami nikasikia sauti yangu inataja bei kubwa kuliko ya Lesian. Jana yake nilikuwa nimeuza mbuzi sokoni. Lesian akapanda, nikapanda. Akapanda tena, nikataja bei ya mbuzi mzima na masikio yake. Lesian akatikisa kichwa, akasema kwa bei hiyo afadhali aongeze mizani ya pili.

Mzee Mika akaniinamia. "Anjela, unajua unachonunua?"

"Najua. Nanunua shahidi."

"Shahidi gani asiyesema?"

"Atasema."

Akanitazama kidogo, halafu akapaza sauti: "Mara ya kwanza! Mara ya pili! Ya tatu! Mama Bariki, chukua mali yako, ila usiiogeshe!" Na kabla kicheko hakijatulia akainua mkungu wa ndizi na kuendelea na kazi. Philemoni alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa.

Katika wateja wangu wa Ngarenaro kulikuwa na Bi Rukaiya, mjane mwenye asili ya Kondoa, mpenda mzaha kuliko mtu yeyote niliyewahi kumuuzia ndizi. Marehemu mumewe alikuwa fundi redio. Mtoto wao Twahir alirithi kibanda na bisibisi, na kompyuta za mitumba zilipoanza kuingia nchini akaziacha redio na kushika hizo. Nilifika pale na kapu langu kichwani, ndizi juu, kompyuta chini imeviringishwa kwenye kitenge.

Bi Rukaiya alikuwa amekaa mlangoni akichambua mchele. Akaingiza mkono kapuni kuchagua ndizi, akakutana na kitu kigumu.

"Anjela! Ndizi za siku hizi zina pembe?"

"Ni kompyuta, bibi we."

"Maskini. Ndizi zimekutoa akili."

Twahir akatoka. "Shikamoo mama Anjela."

"Marahaba, mwanangu. Nataka uniambie kitu kimoja. Hii imekufa kwa maji?"

"Ngoja kwanza niione, mama..."

"Na usinihurumie. Kama ni maji, sema ni maji."

Akaniangalia, akaona sitanii. Akaigeuza kifudifudi, akaanza kufungua parafujo na kuziweka moja moja kwenye kisosi cha chai. Nilisimama nimeshika ukingo wa meza kama mtu anayesubiri jibu la daktari. Mfuniko ulipotoka tuliona vumbi, punje ya mchele na mende mmoja aliyekauka.

"Ndiye aliyekunywa maji huyo?" akauliza Bi Rukaiya.

"Huyu amekufa kwa kiu," akasema Twahir.

Akamulika kila mahali kwa tochi. Maji yakiingia ndani, alinieleza, huacha alama: kutu kwenye vyuma, madoa meupe, harufu. Hakuona. Lakini hakutaka kusema haraka. Akachomoa kile kisanduku bapa ambamo kompyuta huhifadhi mambo yake, akakiunganisha na kompyuta yake mwenyewe, na majina yakajitokeza mfululizo. Twahir akakunja uso. Akasoma kwa sauti: Kwaya. Ubatizo. Mavuno. Ratiba. Ndoa.

"Vya kanisa vipo vyote," akasema. "Ila vya mashine yenyewe havipo. Mashine ikiwaka inatafuta vitu vyake vya kuanzia kazi, haivioni, inasimama. Mtu ameviondoa kwa mkono. Na tazameni: vilivyobaki vyote vina majina ya Kiswahili. Cha Kiingereza hakuna hata kimoja."

Aliyejibu ni Bi Rukaiya, bila kuinua macho kutoka kwenye mchele.

"Maji gani hayo yanayojua Kiswahili?"

Nilicheka mpaka nikashika tumbo, halafu nikagundua kwamba nalia. Sikuwa nimeiua. Tone halikuruka.

"Basi," Twahir akasema, "jibu lako unalo, mama."

"Mimi ninalo. Watu wa kwetu hawana. Nikienda kuwaambia eti majina ya Kiswahili, wataniongezea jina lingine. Wale wanataka kuiona inawaka."

"Kuiwasha lazima tuipige Windows upya."

"Nani umpige?"

"Ndivyo tunavyosema sisi mafundi. Tunaiwekea upya ule mfumo wake unaoiendesha, ulioondolewa. Vya kanisa sitavigusa. Lakini ni mashine ya zamani hii, itatuchosha. Utasubiri?"

Nikamwambia nimesubiri mengi maishani bila hata kuahidiwa kitu, sembuse hili. Nikavua viatu nikakaa.

Akarudisha kisanduku mahali pake, akaingiza disketi, halafu sahani inayong'aa ya CD. Kompyuta ikakohoa. Akaitoa sahani, akaipangusa kwenye shati, akairudisha. Ikakohoa tena, halafu ikatulia na uso wake ukawa wa buluu. Betri yake ilikuwa imekufa zamani, ilikuwa ikila umeme wa ukutani moja kwa moja. Kukawa na mstari unaojaa polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Twahir alisema mstari huo ukijaa kazi ya kwanza imekwisha. Bi Rukaiya na mimi tukauangalia kama watu wanaoangalia maziwa jikoni yasifurike. Ulikuwa umebaki upana wa kidole.

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima ulisema "Aaaah!" kwa pamoja. Twahir aliweka mikono kichwani.

"Imekufa?" nikauliza.

"Haijafa. Inabidi kuanza upya kabisa. Na umeme ukikatika saa hizi haurudi leo."

"Kwa Najim kuna jenereta," akasema Bi Rukaiya.

Najim alikuwa kinyozi, duka lake la tatu kutoka pale. Tulikwenda kwa msafara, Twahir na kompyuta, mimi na sahani na disketi, Bi Rukaiya na ungo wake wa mchele kwa sababu hakutaka kupitwa na kitu. Jenereta lilikuwa likinguruma nje. Ndani kulikuwa na wateja wamejaa benchi, na kwenye kiti mzee mmoja wa Kimaasai, Parsimei jina lake, nusu ya kichwa chake ikiwa imenyolewa na nusu bado.

"Najim, tunaomba moto kidogo," Twahir akasema, akachomeka waya.

Jenereta likabadili sauti, likaanza kuguna kama punda mwenye mizigo miwili. Mashine ya kunyolea ikapunguza kasi mikononi mwa Najim, ikamng'ang'ania Mzee Parsimei nywele.

"Wee!" akapiga kelele mzee.

"Twahir, haliwezi vyote viwili!" Najim akasema. "Ama kichwa, ama kompyuta!"

Benchi likalalamika. Wote walikuwa wamekaa muda mrefu. Mmoja akasema kompyuta haina mke wa kumrudia nyumbani. Nikaona Twahir anaanza kuchomoa waya, nikasimama katikati ya duka, miguu pekupeku, nikawaambia yote. Kitambaa, meza, matangazo, Mama Maji, redio ya yule mwanamke wa bombani, mbuzi wangu niliyemgeuza kompyuta. Sikuwa nimepata kuyasema kwa mpangilio mbele ya watu wanaosikiliza.

Nilipomaliza, Mzee Parsimei alijitazama kwenye kioo, upande huu, upande ule.

"Alikusema kanisani? Watu wakiwepo?"

"Wakiwepo, mzee."

Akajifuta nywele mabegani. "Mwacheni huyu mama amalize. Mimi nina kofia." Akaitoa mfukoni, akaivaa juu ya nusu kichwa chake, akakaa pale pale kitini kutazama.

Baada ya hapo hakuna aliyelalamika tena. Wakasogeza benchi karibu. Mstari ukaanza kujaa upya, na kila ulipokwama mmoja alikuwa akiuhimiza: "Twende, twende, usilale!" Ulipojaa mpaka mwisho walipiga makofi, na mpita njia akaingia kuuliza nani kafunga bao.

Kisha kompyuta ikaanza kuuliza maswali. Twahir akayatafsiri.

"Inataka jina la mwenyewe."

"Andika la kanisa," nikasema.

"Kanisa liliiuza, mama. Inataka la mwenye mali."

Akabonyeza herufi moja moja kwa makusudi ili nizione. A. N. J. E. L. A. Nikazisoma zote kabla hajainua kidole kwenye herufi ya mwisho. Katika maisha yangu jina langu lilikuwa limeandikwa kwenye cheti cha ubatizo na kwenye karatasi za shamba la maua, basi.

"Inauliza na kampuni."

"Andika Anjela na Ndizi Zake!" akasema Najim, na Twahir akaandika hivyo hivyo, na mpaka leo imo.

Swali la mwisho lilikuwa la saa. Ilitaka kujua tuko wapi duniani ili ipange majira. Twahir akateremsha orodha ndefu ya miji.

"Chagua Arusha," nikasema.

"Haimo."

"Chagua Dar es Salaam."

"Haimo. Kwa saa zetu ipo Nairobi, ama Moscow."

Hapo ndipo duka lilipochafuka. Mmoja akasema wenzetu wa Nairobi wametutangulia hata kwenye saa. Mwingine akasema afadhali Moscow, angalau wale hawatutambii kwenye mpira. Mzee Parsimei akauliza kwa upole kama mlima Meru nao haumo, maana mlima hauwezi kukosa kuonekana na mtu anayetengeneza orodha. Bi Rukaiya akaamua: "Weka Nairobi, mtoto afe njaa kwa ajili ya jina la mji? Mchele wangu bado sijaupika."

Nairobi ikawekwa. Uso ukazimika. Ukawaka. Ukazimika tena, na nikahisi roho yangu nayo inazimika. Halafu ikapiga mlio, mlio laini kama mtu anayejaribu sauti kabla ya wimbo, na uso ukajaa rangi ya mbingu, na katikati kukawa na kisanduku kidogo kilichoandikwa jina langu.

Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika hadi sokoni. Twahir hakutaka malipo zaidi ya mkungu mmoja wa ndizi, na mzee Parsimei alirudi kwenye mashine ya kunyolea kumalizia nusu yake.

Jumamosi iliyofuata wazee wa kanisa walikuwa na kikao ofisini. Nikabisha hodi, nikaingia na kitenge changu, nikaiweka kompyuta juu ya meza ile ile, nikaiwasha. Tukasubiri. Ilipopiga mlio wake Mzee Mika aliruka kitini.

"Imefufuka!"

Philemoni aliinuka taratibu. Akavua miwani, akaivaa tena. "Haiwezekani," akasema. "Ilikuwa imeingia maji."

"Mwinjilisti," nikamwambia, "naomba nikuulize. Jumamosi ile mimi nilipokwishaondoka, uliifanyia nini?"

Akajibu bila kusita, kwa kujiamini kabisa, kama mtu anayeulizwa kama alisali. "Niliisafisha. Wageni walikuwa wanakuja. Niliingia ndani yake nikakuta majina mengi ya ajabu, ya Kiingereza, mengine hayana hata maana. Nikajua vijana wamechezea, wameweka filamu zao. Nikayatoa yote. Ilinichukua jioni nzima. Nikaacha mambo ya kanisa tu."

Nikaeleza alichosema Twahir, kwa maneno machache, kwamba yale majina ya ajabu ndiyo yaliyokuwa yakiiendesha.

Mzee Mika alianza kucheka kwa mabega, kisha kwa tumbo, kisha akalazimika kushika ukuta. "Mwinjilisti! Umetupa injini, ukaacha viti!"

Wazee wakacheka. Philemoni mwenyewe mwisho akatabasamu, akakaa chini, akasema, "Kumbe ni mimi." Alilisema hilo. Nakubali kwamba alilisema. Lakini mle ndani tulikuwa watu watano.

Kisha mzee mmoja akasema vizuri, mashine imepona, basi irudi mezani kwake. Nikamgeukia Mzee Mika.

"Yule aliyenunua jogoo mnadani siku ile, mlimfuata nyumbani mkamdai jogoo?"

"Tusingempata. Alishamla."

"Basi hesabuni kwamba nami nimeila."

Tulikubaliana hivi: kompyuta ni yangu, lakini nitaileta ofisini Jumamosi kwa Jumamosi ili Philemoni afanye kazi za kanisa, nami nirudi kwenye usafi wangu. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi. Alikuwa akikaa pale akiandika kwa kidole kimoja, nami napita na kitambaa changu kilicholowa, napangusa meza kuzunguka kompyuta, pole pole, karibu kabisa na kiwiko chake. Alikuwa akiinua mkono kunipisha. Nilikuwa na furaha Jumamosi hizo.

Siku chache baada ya kile kikao Philemoni alikuja nyumbani kwangu na mkewe. Alikuwa ameshika jani la isale lililofungwa fundo. Isale tunalipanda mipakani mwa mashamba, na kwetu Wameru mtu akikujia nalo mkononi kuomba radhi huwezi kumfukuza, hata kama amekuchomea nyumba. Akasimama kizingitini akaninyooshea. Mkewe alikuwa na sukari na jogoo.

Nikalipokea. Nikasema nimesamehe, na nilisamehe kweli, sijamwombea baya tangu siku ile. Tukala jogoo. Wakati wa kuondoka nikamuuliza:

"Na tangazo, mwinjilisti?"

Akakohoa. "Mama Bariki, isale umelipokea. Mambo yamekwisha. Tukiyafukua tena kanisani tutawachanganya waumini."

"Waliochanganywa ndio hao hao."

"Tuyaache," akasema, na mkewe akaangalia chini.

Isale linazima hasira. Halimfikii mtu aliyeketi benchi la nyuma Jumapili ile, akasikia, akaenda zake Momela au Usa River na habari yangu mdomoni. Miaka mingi baadaye, kwenye msiba Usa River, mwanamke nisiyemjua alinipokea sufuria, akaniangalia vizuri, akasema kwa furaha kabisa: "Si wewe uliyeogesha kompyuta?" Nikamwambia ni mimi. Ningemweleza vipi, mbele ya jeneza?

Philemoni amestaafu sasa. Anakaa hapa hapa Kikatiti, na kanisani bado hupewa nafasi ya kuwasalimia watu. Mimi sijawahi kutoka nje wakati wa matangazo. Nimesikia akitangaza harusi, mazishi, mavuno, mifugo iliyopotea na mifugo iliyopatikana. Langu sijalisikia.

Ninachodai ni maneno machache: kwamba Anjela hakuiua kompyuta, na kwamba aliyeiharibu ni yeye. Yasemwe Jumapili, wakati wa matangazo, kanisa likiwa limejaa hadi mlangoni. Anayedaiwa ni Philemoni. Si mkewe, wala si wazee wa kanisa. Mzee Mika amejitolea mara nyingi kunisemea, na najua angewachekesha watu mpaka wadondoke kwenye mabenchi. Nimemkatalia. Nataka lisemwe na Philemoni, kwa mdomo wake, na asicheke mtu.